Mtungi wa Bonde Tupu

Katika mji ule siku ilikuwa haianzi mpaka itangazwe. Jua liliweza kuchomoza, majogoo wakawika mpaka wakachoka, lakini watu walibaki wamekaa ukingoni mwa vitanda, miguu chini, wakingoja baragumu la Msimamizi liwaambie leo ni siku gani. Kuna wakati ilitangazwa Alhamisi, watu wakaiishi, wakalala, wakaamka wakatangaziwa Alhamisi tena. Wakatoka kwenda sokoni wakaulizia bei zilezile kwa maneno yaleyale, na hakuna aliyecheka. Na kuna siku baragumu halikulia kabisa. Siku hizo hazikuwa na jina. Mtoto aliyezaliwa ndani yake alihesabiwa hajazaliwa, na aliyekufa ndani yake, jamaa zake walikatazwa kumlilia kwa kuwa hajafa.

Nyamizi mfinyanzi alizipenda siku zisizo na jina, kwani hakuna aliyebisha hodi. Alikaa na udongo wake akafinyanga watu.

Hiyo ndiyo ilikuwa sifa ya vyungu vyake. Pale kwenye tumbo la chungu, ambapo wafinyanzi wengine hupitisha mistari tu au alama za kamba, yeye alibandika vijitu vya udongo vikifanya yale ambayo mji mzima uliyafanya na kuyakana. Karani anasinzia, na foleni ya watu inazunguka chungu kizima mpaka mtu wa mwisho anagusana mgongo na karani mwenyewe. Wanawake wawili wanasalimiana kwa bashasha, kila mmoja ameficha mkono wake mmoja nyuma. Mtu mwenye masikio mengi kuliko kichwa amelala chini ya kitanda cha maharusi. Watu walivinunua vyungu hivyo, wakacheka, wakavitia maji ya kunywa. Mgeni akibisha hodi, chungu kiligeuzwa haraka, vijitu vikatazama ukuta.

Aliishi na dada yake mkubwa, Kabula. Ndiye aliyemlea. Walifika mjini wakiwa wadogo, wameshikana mikono, ule mwaka ambao maji yaliachiwa bondeni na kijiji chao kikazama. Lakini hilo halikusemwa. Mjini ilifahamika kwamba ziwa lilikuwepo tangu dunia kuumbwa, kwamba kule chini hapakuwahi kuwa na nyumba wala jiko wala mtu, na kwamba wenyeji wote wa mji, pamoja na hawa ndugu wawili, wamezaliwa hapa hapa kilimani. Kabula alilisema hilo vizuri kuliko wote. Alilisema bila kuulizwa, anapochambua maharage, anapofagia, kama mtu anayepapasa mfukoni kuhakikisha kuwa ufunguo bado upo.

Siku moja yenye jina akaja Bwana Lutandula, msemaji wa Msimamizi. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya mgonjwa anayepata nafuu.

"Hodi hapa kwa fundi."

"Karibu, bwana mkubwa. Karibu kiti."

Hakukaa. Alizunguka akiviangalia vyungu, akamgusa karani anayesinzia kwa ncha ya kidole, akacheka kidogo.

"Msimamizi anataka mtungi," alisema. "Mkubwa. Mtu mzima asimame ndani asionekane. Utawekwa uwanjani Siku ya Maji, watu waone historia yao. Mvua inashuka, bonde linaipokea, ziwa linazaliwa."

"Na bondeni kuna nini?"

"Hakuna kitu, mama. Bonde tupu."

"Bonde tupu nalifinyanga vipi, bwana mkubwa? Mimi nafinyanga watu."

"Unaacha udongo laini tu. Hiyo mbona kazi rahisi." Akamtazama Kabula aliyekuwa mlangoni na ungo wake. "Huyu ndiye dada yako?"

"Ndiye."

"Inapendeza ndugu kukaa pamoja," alisema Bwana Lutandula, akaaga, akaondoka taratibu.

Ungo wa Kabula ulikuwa umesimama hewani. Aliushusha. "Umesikia," alisema bila kugeuka. "Laini tu."

Shimo la udongo la mlimani lilikuwa limechimbwa mpaka limebaki mawe. Lakini mwaka ule ziwa lilikuwa limerudi nyuma kuliko ilivyowahi kuonekana, likaacha ukingo mpana wa tope jeusi lililopasuka kama kisigino. Nyamizi akashuka na jembe na kikapu. Udongo wa pale ulikuwa mzuri, mzito, wenye mafuta, unaoitika mkono. Ulikuwa umejaa vigae. Kila mfinyanzi hutwanga vigae vikuukuu akavichanganya na udongo mbichi ili chungu kisipasuke motoni, kwa hiyo alivikusanya bila kujiuliza ni vya nani. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Kimoja kilikuwa cha ukingo wa chungu, kimezungushiwa alama za kucha, kucha ya mtu aliyebonyeza kwa haraka huku akizungumza na mwingine. Nyamizi akaweka kidole gumba chake juu ya alama moja. Kikaenea. Akakaa pale juani muda mrefu, kidole kikiwa ndani ya kidole cha mtu ambaye hajawahi kuishi.

Utupu ni nini? Aliwaza hivyo akitwanga, na mchi ukamjibu kwa sauti yake ileile. Nyumba ikibomolewa, ile nafasi iliyokuwa chumbani inakwenda wapi? Mtu akiambiwa hakuwepo, kile kikohozi alichokohoa asubuhi fulani, yale maji aliyomwaga mlangoni yakamrukia jirani wakagombana na wakapatana, vyote vinarudi kwa nani? Labda havirudi popote. Labda vinakaa vikisubiri kitu chenye umbo vipate kujishikiza. Na mkubwa anayesema hapana mtu, je, anaona kweli hapana mtu, au macho yake nayo yanaamrishwa, yakazoea, yakapofuka upande mmoja? Aliogopa kujibu. Aliendelea kutwanga.

Akaujenga mtungi kwa mikunjo ya udongo, mkunjo juu ya mkunjo, akipanda juu ya kigoda na baadaye juu ya meza, akilainisha kwa kipande cha kibuyu. Ulipofika kifuani mwake, bonde lilikuwa tayari upande wa mashariki: laini, pana, likimeta unyevu. Akatoka nje kunywa maji. Ilikuwa saa ile ya mchana ambapo hakuna kivuli hata chini ya kuku.

Aliporudi palikuwa na uvimbe.

Mdogo tu, kama jipu linaloanza. Akasogea. Ulikuwa mgongo. Mgongo wa mwanamke aliyeinama anasaga, na mbele yake jiwe, na juu ya jiwe mikono miwili isiyozidi punje za mtama. Nyamizi akachukua kipande cha kibuyu akamlainisha. Udongo ukakubali, ukarudi kuwa bonde. Akageuka kuokota kitambaa kilichoanguka. Aliporudisha macho, yule mwanamke alikuwa amerudi, na nyuma yake watoto wawili wanakimbizana na mbuzi.

Nani?

Mimi. Labda mimi. Kucha zangu zina udongo, lakini lini hazikuwa na udongo?

Au si mimi. Yuko mtu anaazima mikono yangu ninapoiacha. Anaiazima na kuirudisha, nami sijui tofauti, kwa sababu imerudi ikiwa na joto.

Alilainisha mpaka mkono ukafa ganzi. Walirudi. Hawakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Walirudi kama watu wanaorejea kwao kutoka shambani, mmoja mmoja, bila kuharakisha: anayepepeta, anayesuka ukili, anayekemea, aliyelala kwenye mkeka na mguu mmoja nje. Kila akipumzika kijiji kiliongezeka. Ndani ya mtungi mlisikika mvumo, na alipoinamisha sikio mdomoni mwake alisikia, mbali sana chini, mtu akiuliza kama chakula kimeiva.

Kabula aliingia na uji, akasimama.

"Nyamizi. Tuliagizwa na mtu hapa na maneno yake uliyasikia. Ndiyo nini hii?"

"Si mimi, dada."

"Si wewe! Nani basi, paka?"

"Nalainisha, wanarudi. Kaa hapa uone."

"Sikai. Wewe unataka tufe. Sisi tumezaliwa hapa, hapa kilimani, bonde lile halina..." Alikuwa anausogelea mtungi huku akisema, bakuli la uji mkononi, na maneno yakapungua kasi. Macho yake yalikuwa yameshukia kijitu kimoja pembeni, mwanamume mwembamba aliyebeba kigoda kichwani, miguu ya kigoda ikitazama juu. "Mzee Masalu," alisema Kabula. "Hakuacha kigoda chake. Hata akienda kisimani alikwenda nacho, akisema watu wataki..."

Akafunga kinywa kwa kiganja. Uji ulimwagika. Dada wawili walitazamana juu ya ule uji, na kwa mara ya kwanza tangu wawe watu wazima Nyamizi akaiona sura ya yule msichana aliyemshika mkono wakipanda mlima.

Kabula akauzunguka mtungi. Akauzunguka tena, polepole, vidole vikikaribia bila kugusa.

"Mama yuko wapi?" aliuliza.

Hakuwepo. Walitafuta kila nyumba, kila ua. Walikuwepo wote waliobaki kule chini maji yalipokuja, hata yule mbwa wa kisimani, ila mama yao. Wakangoja. Nyamizi alitoka nje kwa makusudi, akakaa, akarudi. Hakuna. Akatoka tena. Mlango wa nyumba yao ulikuwepo, umefinyangwa vizuri, wazi, na ndani yake mlikuwa na giza la ukubwa wa ukucha.

"Nitamfinyanga mwenyewe," alisema Nyamizi. "Huyu nitamfinyanga kwa mikono yangu." Akachukua donge. "Alikuwa mrefu."

"Mfupi," alisema Kabula.

"Mrefu, dada. Aliinama kuingia mlangoni."

"Aliinama kwa sababu alikubeba wewe mgongoni. Alikuwa mfupi, mnene hivi. Na hakuwa mtu wa kucheka."

"Mama? Mama alikuwa anacheka mpaka majirani wanakuja kuuliza!"

Kila mmoja alimtazama mwenziwe kwa mashaka, kama watu waliogundua kwamba wamekuwa wakizuru makaburi mawili. Labda walikuwa na mama wawili. Labda yupo mmoja aliyezama na mwingine aliyeota kichwani mwa mtoto kuziba pengo. Na mimi, aliwaza Nyamizi, niliyebebwa mgongoni na mwanamke mrefu anayecheka, kama mwanamke huyo hakuwepo, nani alibebwa? Donge lilikauka mkononi mwake. Aliliweka chini bila umbo.

Siku ya kuchoma walipanga kuni, mavi makavu ya ng'ombe na majani uani, wakauzungushia mtungi moto kuanzia asubuhi. Uliungua vizuri, haukulia, haukupasuka. Majivu yalipopoa, Bwana Lutandula akaja kuukagua. Hapakuwa na mahali pa kuuficha mtungi wa namna ile. Nyamizi alisimama upande mmoja, Kabula upande mwingine, mikono imeshuka.

Alianza upande wa mvua. Akaja polepole mashariki. Akapita mbele ya mwanamke anayesaga, mbele ya watoto na mbuzi, mbele ya Mzee Masalu na kigoda chake. Akaupitisha mkono wake juu yao, kiganja kizima, na Nyamizi akaona kiganja kikipanda na kushuka juu ya vichwa vyao kama kinavyopanda na kushuka juu ya kokoto.

"Safi," alisema Bwana Lutandula. "Tupu kabisa. Hongera, fundi."

Na alikuwa anasema kweli. Hakuwa akiigiza. Nyamizi akahisi baridi ambayo hakuihisi hata pale vijitu vilipoanza kurudi.

Baragumu likatangaza Siku ya Maji. Mtungi ukasimamishwa uwanjani, Msimamizi akakaa mbali juu ya jukwaa, kitambaa kikiuficha uso wake kama ilivyo desturi, na watu wakaamrishwa kupita mmoja mmoja kuitazama historia yao. Walipita. Wengi waliona laini, wakatikisa kichwa kwa adabu, wakaenda. Kisha akafika bibi mmoja muuza mkaa, ambaye jina lake hakuna aliyelijua. Akasimama mahali pamoja. Akapiga magoti taratibu, kama mtu anayemwamkia mkubwa wake nyumbani kwake.

"Shikamoo, baba," aliuambia mtungi.

Minong'ono ikapita. Mtu wa nyuma yake akasogea kutazama, akakunja uso, akapiga hatua nyingine. "Shikamoo," naye akasema. Wa tatu hakuamkia, aliita jina. Halafu foleni haikuwa foleni tena. Watu walijaa kuuzunguka mtungi, wakiulizana, wakioneshana, wakiamkia, wengine hawaoni kitu na wanalia kwa kutoona.

Bwana Lutandula akapanda juu ya ngazi ya jukwaa. Kwa mara ya kwanza sauti yake haikuwa ya mtu anayepata nafuu.

"Mnaamkia udongo! Hapana mtu pale! Yupo hapa mwanamke mzima, amekaa na fundi wakati mtungi unajengwa, kila mtu anamjua anavyosema ukweli. Kabula! Waambie umezaliwa wapi."

Watu wakampisha. Kabula alikwenda mpaka kwenye mtungi, akajifuta mikono kwenye kanga ingawa haikuwa na kitu. Nyamizi alijua atakachosema. Alikwisha kukisikia maisha yake yote, na moyoni akamwomba akiseme, akiseme tu, warudi nyumbani.

"Nimezaliwa Igalila," alisema Kabula.

Jina lile halikuwa limetamkwa miaka na miaka. Kuna watu waliinama kana kwamba kitu kimerushwa juu ya vichwa vyao.

"Nimezaliwa Igalila, nyumba ya tatu kutoka kisimani, mlango ule pale. Mama yetu alikataa kutoka. Alisema maji yenyewe ndiyo yamtoe. Akanipa mkono wa mdogo wangu, akaniambia nisigeuke. Nikageuka. Alikuwa anafagia. Maji yameshafika uani na yeye anafagia, ili yakute pamefagiwa." Akamtafuta Nyamizi kwa macho katikati ya watu. "Kama alikuwa mrefu sijui, mdogo wangu. Alikuwa ameinama."

Walimchukua pale pale. Hawakumpiga wala hawakumvuta. Walimzunguka tu wanaume waliovaa sare, na walipotawanyika hapakuwa na mtu katikati yao. Mtungi ukafunikwa turubai. Halafu baragumu likalia, refu, likatangaza kwamba Siku ya Maji itakuwa kesho.

Kwa hiyo siku ile haikuwepo. Kesho yake watu walisherehekea uwanja mtupu, wakarudi makwao mapema. Nyamizi alikwenda ofisini kwa Bwana Lutandula kumuulizia dada yake, akapokelewa kwa upole, akapewa kiti.

"Dada yako?" alisema Bwana Lutandula, akiwa na huruma ya kweli usoni. "Mama, wewe unaishi peke yako. Siku zote. Pole sana, kazi ya moto inachosha kichwa."

Alimuuliza mama Holo, jirani wa ukuta mmoja, aliyeazimana na Kabula chumvi na kinu. Mama Holo alikuwa anachota maji kwenye pipa. Alichota muda mrefu sana.

"Dada gani, mwenzangu?" alisema, akaingia ndani na kuufunga mlango.

Nyumbani, ungo ulikuwa ukutani. Kanga ilikuwa kwenye kamba. Hivyo havikumsaidia, kwa sababu hata yeye ana ungo, hata yeye ana kanga. Alilala, akaamka, akasikia siku ikitangazwa, na alipokuwa ananawa uso akajaribu kuiona shingo ya Kabula na hakuiona vizuri. Ilikuwa ndefu? Mahali pa shingo palikuwa na mwanga mweupe tu. Akaacha maji yakimdondoka. Ndivyo inavyoanza, alifikiri. Mama yangu alianza hivi. Kwanza shingo, kisha sauti, kisha unabaki na mlango ulio wazi. Na kesho nitakuwa nasema vizuri kuliko wote kwamba sijawahi kuwa na dada, nikiwa nachambua maharage.

Hakungoja mikono yake iazimwe na mtu. Akachukua udongo uliobaki, akautoa nje, akakaa kizingitini, mchana, siku yenye jina, watu wanapita. Akaanza na miguu, kwa kuwa miguu aliikumbuka: nyayo pana zilizotangulia mbele yake mlimani. Akapanda magotini. Akafinyanga kiuno, na kanga imekazwa upande. Hakufinyanga kijitu, alifanya urefu wa mkono mzima, ili asiweze kugeuzwa ukutani. Waliopita walitazama upande mwingine. Mmoja alivuka barabara. Nyamizi alifika mabegani, akabandika, akabandua, akabandika tena. Halikuwa Kabula. Lilikuwa bega la mtu yeyote. Machozi yalimtoka, akayaacha yaingie kwenye udongo kwa kuwa udongo ulikuwa unakauka.

Mama Holo alipita na ndoo kichwani. Akapita kabisa, mpaka kwenye kona. Nyamizi hakuinua uso. Kisha akasikia kandambili zikirudi, zikasimama mbele yake, na kivuli cha ndoo kikamwangukia mapajani.

"Sivyo," alisema mama Holo.

"Nini sivyo?"

Jirani aliangalia juu na chini ya barabara. Kisha akaitua ndoo, akachuchumaa, akachovya vidole vyake majini.

"Bega la kushoto," alisema, na hakunong'ona. "Kabula bega lake la kushoto lilikuwa chini kidogo. Sogea nikuonyeshe."